Fimbo ya Baba na Manyoya ya Mtetea

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimekasirika. Naandika hivyohivyo.

Leo tumeanua matanga ya baba. Misa asubuhi, pombe ya komoni mchana, halafu Baba Mkubwa Silvester akakaa kwenye kiti cha marehemu mdogo wake akaanza kugawa vitu. Koti – Dastan. Redio – Dastan. Baiskeli – Dastan. Sawa! Ni mdogo wangu, ndiye wa kiume peke yake, achukue. Ikaja fimbo ya kuvulia samaki. Nikanyoosha mkono kabisa, kama mjinga, mbele ya watu wote.

Baba Mkubwa akasema kitu cha kiume huenda kwa mwanamume, na mimi nina ukoo wa mume wangu. Mume gani? Nimemzika huu mwaka wa sita, naishi hapahapa nyumba ya uani!

Miguu ya baba ilipovimba, nani alikuwa anawapeleka wageni wa hoteli mtoni? Miaka miwili! Baba amekaa kwenye jiwe na blanketi lake, mimi nimo kwenye maji ya Mufindi, baridi mpaka mifupani, nawaonyesha Wazungu samaki wa trauti wamelala wapi. Dastan alikuwa Mafinga anauza kava za simu. Hajui hata kama trauti ana magamba.

Na kopo la nzi, chambo cha kumdanganya trauti, likaenda na fimbo. Nzi kumi na wawili wa baba, kila mmoja kafungwa kwa mkono wake – ndoano ndogo, uzi wa njano, na unyoya mmoja wa kuku umezungushwa shingoni. Mimi nimepewa birika, blanketi na boksi la biskuti lililojaa manyoya. Baba Mkubwa alilifungua akasema hizi takataka za kuku Faustina atajua pa kuzitupa. Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka!

Jiliwa ya baba, ile ndogo ya kubania ndoano, ilikuwa chini ya manyoya, pamoja na uzi na ndoano chache. Hawakuiona. Nikafunika haraka.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Nimepita nyuma ya nyumba kubwa. Dastan anaangulia maparachichi. Kwa fimbo ya baba!!

Nikapita zangu. Ningefungua mdomo ningemtukana na mama aliyetuzaa, na mama ni mmoja.

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimekwenda hotelini kwa Bwana Othmani, meneja. Nilisikia kuna wageni wanne Jumamosi, wanakuja kwa ajili ya mto tu. Nikamwamkia vizuri, nikamwambia nipo, kazi ni ileile niliyokuwa naifanya.

Akakuna kidevu. Akasema Dastan keshafika jana, na fimbo begani, amesema ukoo umeamua. Dada Faustina, akasema, mambo ya ukoo wa watu mimi siyaingilii. Nikamuuliza kama fimbo ndiyo inayojua mto. Akacheka kwa heshima, akaniagizia chai. Nimeinywa kwa hasira, nimeungua ulimi.

Kwa hiyo ndivyo. Mwenye fimbo ndiye mwenye mto. Mimi nirudi kuchuma chai kama watu wengine, na Jumamosi nisikie injini ya gari lao likipita.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Dastan kaja. Hodi, kamwene dada, umeamkaje – sauti tamu kama asali. Nikajua ana shida.

Nzi tisa wamekwisha. Kumi na wawili wa baba, siku nne, tisa wamenasa juu ya miti ya miwati ya ng'ambo! Watatu waliobaki mmoja kavunjika ndoano. Anataka nimfungie ishirini kabla ya Jumamosi. Nikamuuliza wageni wakiuliza nani kafunga, utasemaje? Akasema wageni hawaulizi mambo hayo. Nikasema wanauliza, kila mara wanauliza. Akatazama chini. Akasema basi nitasema ni za ukoo.

Za ukoo! Nikamfukuza. Nilishika ufagio, sikumpiga, lakini niliushika.

Jioni nikasikia kelele za kuku. Baba Mkubwa amemtoa jogoo wake mwekundu, yule anayempenda kuliko wajukuu. Wamemnyonyoa shingo nzima. Wamekaa barazani, yeye na Dastan, miwani ya Baba Mkubwa imefungwa kwa uzi, wanafunga nzi kwa gundi ya viatu. Baba Mkubwa anasema unyoya wa jogoo ndio wenye nguvu.

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Unyoya wa jogoo ni mgumu, hauzami! Baba alikuwa anatumia mtetea tu, yule wa kijivu, na tena manyoya ya shingo kwa nyuma. Laini. Ukilowa unajikunja na kufunguka majini kama kitu kinachopumua, ndicho trauti anachokitaka. Wa jogoo utaelea juu na kusimama kama mswaki.

Ningeweza kuvuka uwanja nikawaambia. Ni hatua ishirini. Sikuvuka.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Nimekata mwanzi mwembamba kule bondeni, nikafunga mshipi nchani, nikashuka mtoni kabla ukungu haujaondoka. Nzi mmoja nimemfunga jana. Nikatupa kuvuka maji, nikaacha mkondo umbebe. Usivute – baba alikuwa anasema mto ndio unaovua, wewe kazi yako kushika. Nzi akazunguka, akafika mwisho wa mkondo, akainuka kidogo.

Trauti akamkamata! Mnene, madoa mekundu ubavuni. Mwanzi ukapinda karibu uvunjike.

Nikamtoa ndoano juu ya jiwe la baba, nikamrudisha majini. Nikalia kidogo, halafu nikakasirika tena kwa sababu hapakuwa na mtu kwenye lile jiwe.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Leo nilichagua mstari wa chai ulio juu ya mto makusudi. Kikapu mgongoni, macho bondeni. Msimamizi kanigombeza mara mbili.

Wageni wanne, mmoja bibi mwenye nywele nyeupe anayetupa mshipi vizuri kuliko wote. Dastan kavaa koti la baba. Wamefungiwa nzi za jogoo. Wakatupa. Zikaelea! Zimekaa juu ya maji zinazunguka kama povu la sabuni. Dastan kila akitupa anavuta, anatupa anavuta, kama anachota maji kisimani. Asubuhi nzima hawakupata kitu, na mchana vilevile.

Nilifikiri nitafurahi. Nilikaa tangu Alhamisi nangoja kufurahi.

Saa tisa wakapanda kuelekea gari, wakapita karibu na mstari wangu. Mmoja wao, kijana wa Dar anayewatafsiria, akamwambia Bwana Othmani kwamba wageni wanasema huu mto umekufa, hauna samaki. Na Bwana Othmani akaitikia! Akasema labda ni kweli, mzee aliyekuwa anavua hapa keshafariki, afadhali achimbe bwawa pale chini, aweke perege, wageni wavue kwa minyoo. Wageni wanaondoka kesho saa sita.

Perege! Minyoo! Miaka thelathini na minne baba aliuchunga mto huu. Alikuwa anaokota chupa za watu. Umekufa? Jana tu nilimshika mmoja wa kiganja na nusu!

Na mimi nilijua. Hatua ishirini uwanjani, ningesema neno moja, jogoo hafai. Nimejikasirikia mimi sasa, na hasira ya kujikasirikia haina pa kuitupa. Lakini sijasamehe. Nimkumbushe nani kwamba mimi nilinyoosha mkono wangu, na walicheka?

Mtetea wa kijivu nimemshika jioni hii bandani. Nimemng'oa manyoya kumi tu, kaniangalia vibaya.

Jumapili, 13 Julai 2025

Misa ya kwanza sikwenda. Nimefunga nzi sita tangu alfajiri, jiliwa nimeibana kwenye ukingo wa meza. Wamekaa vizuri. Baba angetafuta kosa, na angelipata, lakini angelitafuta sana.

Nakusudia kushuka mwenyewe na mwanzi wangu, nimwonyeshe yule bibi. Hata kama Baba Mkubwa atakunja uso.

– Dastan kaja. Yuko nje. Mlango nimeufunga kwa komeo, naandika ninapomsikiliza.

Anasema wageni wako barabarani ndani ya gari, Bwana Othmani kawapa saa mbili tu za kujaribu tena. Anasema dada, nimeona nyayo zako mtoni, na magamba kwenye jiwe la baba. Anasema jogoo hafai. Hilo kalisema polepole.

Nikamuuliza kutoka ndani: nani atashika fimbo?

Nikasikia miguu yake ikisogea dirishani.

Nikamuuliza tena. Akasema Baba Mkubwa yuko barazani anaangalia. Akasema dada, nifungie tu nzi mmoja kwenye mshipi, mimi tundu la ndoano silioni.

Na kaipitisha fimbo dirishani. Ncha iko hapa mezani, juu ya daftari hili hili, imelowesha karatasi kwa umande. Mshipi unaning'inia, hauna kitu. Nzi wangu sita wako pembeni ya kalamu. Mpini uko nje mkononi mwake, na nikiivuta kidogo naona anaushika zaidi.

Gari limepiga honi. Nimeishika ncha. Sijafunga kitu.