Mbegu ya Maziwa

Dada Zuhura mpenzi,

Hujambo na joto la Tanga? Huku Gisenyi ziwa limetulia, asubuhi ni za sweta, na mimi nimeshaharibu jambo. Jana niliona kibuyu cha mwenyeji wangu, Mama Solange, kina mabaki ya maziwa ya mgando. Nikakisugua kwa sabuni na maji moto, nionekane mgeni mwema.

"Yoo! Umeua mbegu!" akamaka. "Bon, maziwa itaganda na nini sasa?"

Kumbe yale mabaki huachwa makusudi, ndiyo yanayogandisha maziwa mapya. Ikabidi aende kwa jirani na kikombe kuomba mbegu nyingine.

Binti yake, Solange, ambaye ni muuguzi, alicheka sana. Akaniambia tumbo la mtu nalo lina vijidudu vya namna hiyo. Wanaishi kwa maharage na mboga tunazokula, na wana usemi katika kiasi cha mafuta ambacho mwili unaweka. Nikamweleza habari zako, unavyojinyima na kushindia chai kavu na bado hupungui.

"Si uroho tu ile," akasema. "Lakini wale wadudu wake, anawalisha nini?"

Swali hilo halinitoki kichwani. Wewe maharage umeyaacha ili upungue! Sasa unapojinyima, dada yangu, anayekufa njaa ni nani?

Nisalimie shemeji na watoto. Na hao wengine wa tumboni wasalimie mwenyewe, kwa bakuli la maharage.

Mdogo wako akupendaye,
Salma