Nilivyokimbia Tuta la Reli ya Mkonge

Kilole, Korogwe

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikifika Nzega ikukute umekaa barazani, magoti yametulia. Mvua imewafikia? Na yule mbuzi mweusi kazaa, au bado anawadanganya tu? Mimi ni mzima, ila unyayo wa kushoto una malengelenge, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike badala ya kupiga simu. Mambo mengine hayasemwi huku salio likikatiza maneno. Doto atakusomea, ila mwambie asiruke mistari.

Nilikueleza habari za Mariamu, muuguzi wa hapa. Alilelewa na bibi yake, Mzigua wa Kwedizinga huko Handeni, na posa yoyote lazima ipitie kwa bibi huyo. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi alikaa vizuri kwenye kigoda, akacheka. Unajua Wazigua ni watani zetu.

"Mjukuu wangu nimuoze mpagazi?" akasema. "Babu zenu walipita huku na mizigo ya watu kichwani mpaka shingo zikaingia kifuani. Nasikia Kerenge kuna mbio. Kakimbie. Ukifika mwisho ndiyo nitajua kama una pumzi ya kulea watoto."

Nilidhani ni maneno tu. Mariamu akanitahadharisha kwamba bibi yake hutania hivyo hivyo na kila neno analimaanisha. Nisingekimbia, mshenga wetu asingepewa hata maji ya kunywa.

Mbio zenyewe ni ndogo, hatukufika watu sitini. Njia ni tuta la reli ya zamani iliyokuwa ikibeba mkonge kutoka mashambani. Vyuma viling'olewa siku nyingi, vijana wakafyeka na kumwaga changarawe, sasa watu wanapita kwa miguu na baiskeli. Tulianzia Kerenge ukungu ukiwa bado umeilalia milima ya Usambara. Reli haipendi mlima, Mama, kwa hiyo tuta linazunguka taratibu, na miguu inajiendea yenyewe. Upande mmoja milima, upande mwingine mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Tulipovuka kidaraja cha chuma, wanawake waliokuwa wakifua mtoni wakatupigia vigelegele. Nilijikuta nacheka peke yangu. Sijafurahi hivyo tangu nihamie huku.

Zikabaki kama kilomita tatu. Nikakata kona, nikamwona bibi wa Mariamu ameketi katikati ya njia, mkongojo ameulaza mbele yake. Kumbe alikuja tangu jana yake, akalala kwa ndugu. Wengine aliwapisha. Mimi akanizuia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtani, hapa unapita kwa Wazigua. Toa ushuru."

"Bibi, sina kitu. Nina kaptula na fulana tu."

"Una viatu viwili. Kimoja kinakutosha."

Sikufichi, hasira zilinipanda. Watu sita walinipita nikiwa nimesimama pale kama kigingi. Halafu nikamkumbuka marehemu Baba, siku mtani wake alipomchukua jogoo wa sikukuu, na Baba akacheka mpaka akakohoa. Mtani akichukua chako ukanuna, kosa ni lako. Nikavua raba ya kushoto, nikampa kwa mikono miwili.

"Pokea, Bibi. Ila uinuse kwanza, usije ukanilaumu."

Akainusa kweli, akakunja uso, akainua mkongojo.

Changarawe zile zilinifunza adabu. Nilifika Kilole wa tatu kutoka mwisho, nachechemea, Mariamu anatokwa machozi kwa kucheka. Baada ya muda bibi akaletwa na bodaboda, raba yangu iko kwapani. Nikanyoosha mkono nichukue, akaikumbatia.

"Pumzi unayo kidogo," akasema. "Lakini mwanamume anayevuliwa kiatu mbele za watu asitukane, huyo hatampiga mjukuu wangu. Kiatu nakwenda nacho Kwedizinga. Nitamkabidhi mshenga, wewe sikupi."

Amekubali, Mama. Nina furaha mpaka naona haya kuandika. Mwombe mjomba Masanja aje kutuposea, na umweleze mapema kwamba chochote atakachonyang'anywa huku, acheke tu.

Nisalimie pacha wangu Doto, shangazi Nyamizi anayekufulia magoti yakizidi, na mzee Shija jirani yetu, anayekusogezea kuni bila kuombwa.

Na msichelewe. Raba zile niliazima kwa mwalimu mwenzangu. Nimemwambia nimezifua, na kila asubuhi tukikutana ofisini ananiuliza zitakauka lini.

Mwanao anayekuombea heri,
Kulwa