Mashine Chini ya Kitambaa

Alhamisi

Haina hata mkwaruzo. Nimepanda mlimani hadi Mwika leo nikitegemea kukuta visu vimekuwa butu, mpini umelegea, chochote. Nilimwachia shangazi mashine yangu ya majaribio, ya kukatakata migomba ya ng'ombe, aitumie mpaka ishindwe, nijue cha kurekebisha.

Nimeikuta sebuleni, juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo shangazi. Mbona iko ndani?"

"Marahaba mama. Sasa kitu kizuri hivi nikipeleke kwenye mavi ya ng'ombe?"

"Nilikuletea ili iharibike."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyie wasomi! Ikiharibika mkononi mwangu, baba yako nitamwambia nini?" Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Alikuwa ametoka kukata migomba kwa panga.

Kule Shirimatunda nako, nilikoipeleka kwanza ijaribiwe, walinisifu sana. Sasa najiuliza sifa zile... Wananipenda, ndiyo. Hakuna anayetaka kuwa yule aliyeharibu kazi ya mtoto wa watu. Sijui nifanye nini na upendo wa namna hii.

Nilitaka kuichukua, nikashindwa. Wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani walikuwa wamekuja kuiona, wakaiombea.

Jumatatu wafadhili wataamua kama waendelee na mimi. Wakiuliza imefanya kazi vipi, nitasema kila mtu ameipenda. Itakuwa kweli, na ndicho kitu pekee ninachokijua kuhusu mashine yangu.