Sponji ya Nguruwe Kwenye Jicho la Mama

Lascelles, niko nje ya wodi ya macho.

Ile sponji niliyoipigania miaka mitatu kwa mabango iletwe hospitali hii, mpaka polisi wakanijua kwa jina? Ile inayowekwa baada ya upasuaji wa presha ya jicho ili njia ya maji isizibwe na kovu, halafu inayeyuka yenyewe? Ni ya nguruwe.

Nguruwe, bwana. Dokta Pinnock ametamka hivyo mbele ya mama, shemasi wa Kisabato, aliyewahi kumwaga sufuria nzima ya wali na maharage kisa kijiko cha jirani kilichogusa nguruwe.

Mama akashuka kitandani. "Wewe mwenye mabango, hukusoma?"

Nilisoma kila kitu, ndugu yangu. Hiyo tu ndiyo sikusoma.

Jicho la kushoto hospitali hii waliliua 2011 kwa kumwambia asubiri upasuaji, sijasahau. Limebaki la kulia tu. Nikampigia mchungaji wake, simu kwenye spika, mimi niliyemwita mnafiki redioni. Akamwambia mama, "Dada Icilda, tumekatazwa kumla. Kwani unamla?"

Wodi nzima ikacheka. Mama hakucheka. "Inayeyuka lini, dokta?"

"Miezi sita, mama."

"Basi weka. Lakini kila Sabato nitalifunga jicho hili kitambaa. Nguruwe hataingia kanisani akimtazama mchungaji."

Wamemwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Mlangoni akanigeukia: "Na wewe ndiye utakayenishika mkono."

Jumamosi ishirini na sita, Lascelles. Na mama hukaa benchi la mbele, mkabala na mchungaji.