Bastola Yenye Mpini wa Mzeituni

Kipkoech mjukuu wangu,

Pokea salamu za Olenguruone. Viazi vimetoka vizuri, na babu yako anakohoa kidogo tu. Unauliza mbona nilinyamaza uliponitumia picha za zile bastola unazotengenezewa huko Amerika.

Nikiwa msichana nilifanya kazi ya nyumba Njoro, kwa mzee mmoja mwindaji. Alikuwa nazo kama zako, zile za kuvuta kwa kidole ile nyundo ya nyuma kabla ya kila risasi. Aliyoipenda zaidi ilikuwa na mpini wa mzeituni wa msitu wa Mau.

"Hizi ziko tupu, wewe panguza tu," aliniambia.

Asubuhi moja hiyo ya mzeituni ikaniteleza, ikaangukia nyundo, ikalia! Risasi ikatoboa kikapu cha nguo karibu na mguu wangu. Baadaye ndio nilisikia wenye bastola hizo huacha tundu moja la risasi tupu chini ya nyundo, ili ikianguka isilie. Yeye alikuwa amejaza yote sita!

Akaja mbio. Unajua alisema nini? "Umekwaruza mpini wangu!" Akaipanguza na shati lake, mimi nimesimama hapo kando ya kikapu. Hata pole sikupewa! Mpaka leo nikikumbuka nachemka.

Zipende, baba Cherono, sikukatazi. Lakini umenitumia picha saba, na katika moja naona vidole vya mtoto wako Cherono juu ya meza. Uso wake umeukata pichani ili mpini uonekane.

Bastola zifungie leo. Halafu nitumie huo uso.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuombea.