Jina la Kale la Bibi Yake Lan

Jumapili, Novemba 13, 2011

Mvua ya barafu tangu asubuhi. Kutoka dirishani kwangu ghorofa ya kumi na mbili sioni hata barabara ya Dixon, nasikia tu ndege zikishuka uwanjani. Kanisani sikwenda. Nilimwambia jirani yangu, Mama Zawadi, kwamba kiuno kinaniuma. Kiuno hakina neno. Sikutaka kukaa tena kwenye benchi nikipokea pole.

Maana anayehurumiwa ni mimi.

Wiki tatu sasa naambiwa pole kwa aibu niliyopata kwa wakwe, pole kwa kupandishiwa sauti na binti mdogo. Nazipokea zote, natikisa kichwa, nasema ndiyo dunia. Leo nataka kuandika ukweli angalau mara moja. Naandika hapa kwa sababu Baraka husikia Kiswahili lakini kukisoma kunamchosha kabla ya mstari wa tatu, na wasomaji wa blogu hii hawajai hata meza moja.

Baraka ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimleta kutoka Tabora akiwa na miaka sita, nikamlea kwa kazi ya kuogesha wazee wa watu. Sikuolewa, sikuzaa. Sasa ana miaka ishirini na saba, kazi nzuri, na kila Jumapili anakuja kula kwangu. Mwaka jana akaja na Lan.

Lan ni Mbuyi. Mimi nilimwita Mchina, kama ambavyo ungemwita wewe. Hakukasirika. Alianza kuja peke yake Jumamosi, anataka nimfundishe kisamvu na Kiswahili, na huku tukichambua maharage ananieleza habari za kwao. Watu wake wako Guizhou, kusini magharibi mwa China, kwenye milima na mabonde ya mpunga. Wako huko tangu zamani sana. Lakini alisema ziko koo zenye vitabu vya ukoo vinavyodai babu yao alikuwa askari aliyekuja na jeshi la mfalme kutoka mashariki. Zamani ilikuwa heri kujiita mjukuu wa askari kuliko kujiita mwenyeji. Alicheka aliposema hivyo. Kwao wanacho kitabu kama hicho, na hakuna anayekiamini.

Buyi ndivyo wanavyojiita wenyewe, na ndani ya jina hilo mna neno lenye maana ya mtu. Majirani waliwaita Zhongjia, na ndilo lililokaa kwenye makaratasi ya serikali miaka na miaka. Miaka ya hamsini serikali mpya ilipokuwa inapanga makabila, wawakilishi wao wakakutana, wakakubaliana kwamba jina lao wenyewe ndilo liandikwe. Ndugu zao wa mkoa wa jirani wakaandikwa Wazhuang, ingawa wanasikilizana bila mkalimani.

Hapo ndipo ningemwambia kwamba hata sisi Wanyamwezi jina letu tulipewa na watu wa pwani, kwa kuwa tulitokea magharibi, mwezi mwandamo unakoonekana. Wazee wetu hawakujiita hivyo. Nalijua hilo tangu shule ya msingi. Sikumwambia. Nilipenda kukaa mbele yake kama mtu ambaye kabila lake lilishuka na mvua.

Jumamosi moja akaniambia habari ya bibi yake. Katika maandishi ya zamani, makarani walikuwa wakiliandika lile jina la Zhongjia kwa alama waliyoitumia kuandika majina ya wanyama, alama ya mbwa. Bibi yake hakujua kusoma. Siku moja mtu mmoja sokoni akamwonyesha, akamweleza, watu wakacheka. Yule bibi alikataa kujifunza kusoma hadi alipokufa, hata lile jina jipya alipoambiwa limeandikwa vizuri. Mama yake Lan hataki jambo hilo litajwe nje ya nyumba. Lan alinitajia kwa sababu, alivyosema, mimi sasa ni wa ndani.

Nilimpa kitambaa ajifute macho. Nilimwonea huruma kweli, sisemi uongo.

Kisha mwezi wa tisa Baraka akaniambia kwamba wakishaoana watahamia Vancouver, saa tano kwa ndege kutoka hapa. Lan amepata kazi huko. Alisema kana kwamba ananiambia watahamia mtaa wa pili. Nikasema hongereni. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Kwa hiyo naomba ieleweke, sikuwa na shida na kabila lake. Shida yangu ilikuwa Vancouver.

Tulikwenda kuposa Jumamosi moja mwezi wa kumi, nyumbani kwa mjomba wake Lan, mtaa wa Don Mills. Mama yake alikuwa amekuja kutoka China kwa ajili hiyo tu. Upande wetu wazee hatuna, kwa hiyo mshenga nikawa mimi, na Baraka na Mama Zawadi wakanisindikiza. Walitupokea vizuri mno. Mama yake alikuwa mdogo wa umbo, amevaa shati la samawati lenye taraza alizodarizi mwenyewe, na kila nilipofungua mdomo alitabasamu kabla hajaelewa. Mimi nasema kwa Kiingereza, Lan anageuza kwa lugha yao, kituo kwa kituo.

Nikasimama. Nikasema polepole ili Lan asikose neno.

"Tumetoka mbali kuja kuomba mke. Nimeuliza hii ni nyumba ya nani, nikaambiwa ni ya wale walioandikwa kwa alama ya mbwa. Sasa mbona tumefika mlangoni na hatujasikia mtu akibweka?"

Mjomba wake, anayejua Kiingereza, aliweka kikombe chini. Lan akatazama meza. Mama yake akamgusa goti, bado anatabasamu, anauliza mgeni amesema nini. Lan angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya. Lakini alimgeuzia yote, kwa sauti ndogo, na nikaliangalia lile tabasamu mpaka likaisha. Kisha mama akamuuliza bintiye swali moja fupi. Hilo halikuhitaji mkalimani. Alikuwa anauliza nani amemwambia huyu.

Lan akainamisha kichwa. Halafu akanigeukia, kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi. "Shangazi, hilo nilikwambia wewe tu." Na baadaye kwa sauti ya juu, mbele ya watu wote: "Umekusudia!"

Nikacheka. Nikainua mikono. "Jamani, huu si utani tu? Kwetu mkwe anapokelewa kwa utani!"

Naye Mama Zawadi, masikini, akanidaka. Yeye ni Mzaramo, mtani wangu wa halali, tunatukanana tangu tulipohamia ghorofa hili. Akawaeleza wenyeji kwamba Wanyamwezi ndivyo walivyo, kwamba yeye huambiwa makubwa kuliko hayo na hukaa kula naye. Akawasimulia jinsi kwetu mtani anavyoweza kulala mbele ya jeneza na kumdai marehemu amrudishie kuku wake, na wafiwa wakacheka, na ndiyo dawa ya msiba. Kila alichosema ni kweli. Alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Lakini utani haugawiwi kama pipi. Wanaurithi wale ambao wazee wao walipatana, na kila mmoja ana haki ya kurudisha. Lan alikuwa na nini cha kunirudishia? Jina letu nilikuwa nimemficha. Na mtani hachukui siri ya jikoni akaitoa sebuleni. Hayo nayajua kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani. Niliyajua nikiwa nimesimama.

Tulipokaribia nyumbani Baraka akapunguza mwendo wa gari. "Shangazi, ilikuwa utani tu, right?"

"Utani, baba. Nini kingine?"

Jumatatu yake Lan akamwambia kwamba nilikusudia, kwamba nilipanga. Baraka akajibu hawezi kuoa mtu anayemwita mwongo mwanamke aliyemlea. Wakaachana kwa simu. Mama yake akarudi China bila hata kukaa wiki aliyokuwa amepanga.

Leo saa nne asubuhi, wakati Mama Zawadi yuko kanisani akiniombea kiuno, simu ikalia. Lan.

Alikuwa ameandika maneno, nilisikia karatasi. Akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba Mama Zawadi amemweleza vizuri mila ya utani, kwamba hakuelewa, kwamba alinivunjia heshima mbele ya wageni. Akasema nimsamehe kwa kufikiri vibaya juu yangu. Mama yake pia anaomba radhi kwa kuondoka bila kuniaga.

Kulikuwa na nafasi pale. Alikuwa ananingoja. Ningesema, mwanangu, uliona sawasawa.

Nikasema, "Nimekusamehe."

Akalia kwa furaha. Akaniomba nimwambie Baraka, maana Baraka hapokei simu zake. Nikamwambia anipigie tena kesho jioni, nitakuwa na jibu.

Baraka alifika saa nane, nywele zimelowa. Nilikuwa nimepika kuku wa nazi. Amekonda. Alikula kidogo, akaanza kuchezea mfupa, kisha akasema, nusu Kiswahili nusu Kiingereza kama kawaida yake, kwamba kama Lan angenipigia hata simu moja tu kuniomba radhi, angemrudia leo hii. Angekwenda Don Mills kwa miguu.

"Hajapiga, eh?"

Alikuwa ananitazama usoni kama alivyonitazama uwanja wa ndege wa Dar, ana miaka sita, akiniuliza kama baba yake atatufuata.

"Hajapiga," nikasema.

Akatikisa kichwa. Nikamwongezea wali. Akasema afadhali mimi nipo, na kwamba waliomwahidi kazi Vancouver ameshawaandikia haendi tena.

Ameondoka sasa hivi, nimemfungia mabaki ya kuku. Vyombo nimeosha. Kesho jioni Lan atapiga, kama tulivyopatana.

Sitapokea.