Ndoo Nyeupe Bafuni

Baba (nakala kwa Mama, kama shahidi),

Ndoo ya bafuni ~~imwageni~~ isiguswe. Ni ushahidi. Maji yake yasiingie kwenye tangi la samaki. Samaki walishwe saa kumi, chembe chache tu.

Sasa utetezi wa mtuhumiwa. Baba, jana ulisema, "Kesho maji ya mimea yangu ya tangini utayatayarisha wewe, nakuamini." Sikuwahi kusikia neno hilo likielekezwa kwangu. Ulinionyesha chumvi za kuilisha: ya kalsiamu kwanza, ndani ya ndoo iliyojaa, iyeyuke kabisa, ndipo ya magnesiamu ifuate. Mimi, kwa kuogopa kuachwa na basi la shule, nikazitia zote mbili kwenye kikombe kimoja cha maji. Zikagandana humo, maji yakawa meupe kama chokaa. Nikamimina ndooni, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikipumzika tu, unga mweupe unatulia chini.

Hapo ukachungulia. "Umetia unga? Hata mimea yangu unaifanyia mzaha?"

Nikacheka. Sijui kwa nini. Ukaenda kazini bila kuniaga.

Nakiri makosa ya zamani: dawa ya meno ndani ya biskuti, saa ya ukutani kusogezwa mbele. Hili si mzaha. Nilitaka majani yale yaliyopauka yapone, na wewe uone ni kazi yangu.

Basi linapiga honi, na kule bwenini simu ni marufuku. Siku ya wazazi njoo, Baba, hata ukiwa bado umenuna.

Kitinda mimba wako